Jina la biashara ni nini, na kwa nini si kampuni

Mama mdogo wangu anapika kwenye shughuli, Morogoro. Harusi, kipaimara, arobaini, semina za ofisi. Ukimpa siku mbili na idadi ya watu, chakula kitafika kikiwa cha moto. Cheti chake cha jina la biashara amekitia kwenye fremu na kukitundika ukutani juu ya friji, na hakuna mgeni anayeondoka bila kuonyeshwa. Kuna kamati moja ya harusi ilimwachia deni baada ya michango kupungua, naye akashindwa kumlipa mwenye duka la jumla aliyemkopesha mchele, mafuta na soda. Mwenye duka alipokuja nyumbani, mama mdogo alimkaribisha kiti, akanyoosha kidole kwenye ile fremu na kusema, "Baba, anayedaiwa ni biashara. Mimi hunidai kitu."

Hakuwa anakwepa. Aliamini hivyo kabisa, kwa sababu siku alipoletewa cheti aliambiwa, "Sasa umekuwa na kampuni yako." Miezi michache baadaye zikaja karatasi za madai. Juu kabisa yameandikwa majina yake matatu, kisha herufi t/a, kisha jina la biashara aliloliita kwa binti yake wa kwanza. Akanipigia simu usiku: "Mwanangu, mbona wameniandika mimi?"

Zile herufi mbili zinabeba jibu lote. Zinamaanisha "anayefanya biashara kwa jina la". Jina la biashara ni jina tu ambalo mtu analitumia anapofanya biashara, pale ambapo hataki kutumia majina yake halisi. Halina mwili wala mkono. Halikopi, halimiliki sufuria, halishtakiwi peke yake. Ukisajili jina la biashara, idadi ya watu duniani haijaongezeka; ni wewe yule yule, umevaa kofia.

Kwa Tanzania Bara usajili huu uko chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213, na anayeisimamia ni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, ulioanza kazi mwaka 1999. Siku hizi kila kitu ni kwa mtandao: namba ya NIDA, simu, anwani ya mahali unapofanyia biashara, jina unalolitaka, malipo kwa namba ya kumbukumbu. Mtu anayefanya biashara kwa majina yake mwenyewe, bila kuongeza chochote, halazimiki kusajili. Asha Juma Salehe akiuza vitenge kama Asha Juma Salehe, sheria haimdai cheti hicho. Akiongeza "na Wanawe", au "Vitenge Bora", hapo ndipo usajili unapomhusu, kwa sababu sasa mteja anayesoma kibao hajui aliye nyuma yake ni nani. Hiyo ndiyo kazi ya asili ya daftari la majina ya biashara: kumsaidia umma kumjua mtu aliyejificha nyuma ya kibao. Wengi wetu tunadhani liliwekwa kutulinda sisi wenye biashara. Liliwekwa kumlinda anayetudai.

Kwa hiyo deni la mchele lilikuwa la mama mdogo tangu gunia la kwanza. Mahakama ikimpa mdai ushindi, hukumu inaangukia mali za mtu huyo zote, ziwe za biashara au za nyumbani, kwa sababu kisheria hakuna mstari kati yake. Friji lile chini ya cheti limo. Akiba ya ada ya mtoto imo. Si kwamba mtu anavuliwa kila kitu: Sheria ya Mwenendo wa Madai inaacha nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko ya familia, zana za kazi za fundi, na nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Lakini nyumba hiyo hiyo ukishaiweka rehani kwa mkopo, umeitoa mwenyewe kwenye kinga. Nyumba za watu zinauzwa kila siku kwa njia hiyo, na wenyewe wanabaki wakijiuliza kosa lilikuwa wapi.

Mkiwa wawili mnaochangia jina moja la biashara, huo ni ubia, na hapo naomba usome polepole. Katika ubia, anachosaini mwenzako kwa ajili ya biashara kinakufunga na wewe. Rafiki yako akichukua mabati kwa mkopo akatokomea, muuza mabati ana haki ya kukudai wewe deni lote, si nusu yake. Utamtafuta mwenzako baadaye mkadaiane wenyewe. Nimeona vijana wawili waliosoma pamoja wakisajili jina kwa furaha, picha imepigwa, na hawajaandikiana hata nusu ukurasa kuhusu nani ametoa nini na nani anaruhusiwa kukopa. Andikeni. Hata kwenye karatasi ya daftari, mbele ya shahidi.

Kampuni ni kitu kingine. Kampuni inapoandikishwa, sheria inazaa mtu mpya. Hana damu, lakini ana jina, ana siku ya kuzaliwa, anamiliki mali, anakopa, anashtaki na kushtakiwa. Wewe unakuwa mwanahisa wake, labda na mkurugenzi wake, lakini hamko mtu mmoja tena.

Kesi inayofundishwa kila chuo cha sheria kuhusu jambo hili ni ya fundi viatu. Aron Salomon alikuwa na biashara ya buti Whitechapel, mashariki mwa London, aliyoijenga kwa miaka mingi peke yake. Mwaka 1892 akaigeuza kampuni. Sheria ya Uingereza wakati huo ilidai watu saba, basi akajaza nafasi na mkewe, binti yake na wanawe wanne, kila mmoja hisa moja, yeye akachukua 20,001. Kama sehemu ya bei ya kuiuzia kampuni biashara yake, alipewa pia hati za mkopo za pauni 10,000 zenye dhamana juu ya mali ya kampuni. Biashara ikaanguka ndani ya muda mfupi. Wadai wakasema kampuni hii ni kiini macho, ni Salomon yule yule, atulipe kwa mali yake. Mahakama mbili za chini zikawakubalia. Mwaka 1896 Baraza la Malords, lililokuwa mahakama ya juu kabisa huko, likakataa: kampuni imeandikishwa kwa kufuata sheria, basi ni mtu tofauti na Salomon, na deni lake si deni la Salomon. Sheria yetu ya makampuni imetoka kwenye mzizi huo wa Kiingereza, na Sheria ya Makampuni ya 2002 imesimama juu ya wazo lile lile.

Maana yake kwa mfuko wako ni hii. Ukichukua hisa 100 za shilingi 10,000 kila moja na ukazilipa, umetoa milioni moja. Kampuni ikifilisika na deni la milioni arobaini, ulichopoteza ni ile milioni moja. Hiyo ndiyo maana ya neno "Limited" mwishoni mwa jina la kampuni: kuna kikomo cha kinachoweza kukufuata nyumbani. Jina la biashara haliruhusiwi kubeba neno hilo, na ukiona mtu mwenye cheti cha jina la biashara amechapisha risiti zenye "Ltd", mwambie aache, anadanganya wateja hata kama hajui.

Kinga hiyo ina matundu mawili. La kwanza, mahakama inaweza kulifunua pazia, yaani ule utengano kati ya kampuni na wenye hisa, pale kampuni inapotumika kwa udanganyifu. La pili ndilo linalowakumba watu wengi zaidi: ukienda benki na kampuni changa, afisa mikopo atakuwekea karatasi ya dhamana binafsi ya wakurugenzi. Ukiisaini, kwa mkopo ule umeurudisha mwili wako mbele ya pazia. Kampuni isipolipa, utalipa wewe. Watu huisaini katikati ya rundo la karatasi bila kuisoma, wakiamini "Limited" inawalinda.

Na kampuni inagharimu. Ada ya kusajili jina la biashara mama lishe anaiweza. Ya kampuni ni kubwa zaidi, na inapanda kadiri mtaji wa hisa unavyokuwa mkubwa. Lakini ada ya kusajili si kitu ukilinganisha na yanayofuata. Kila mwaka kampuni inawasilisha taarifa zake BRELA, iwe imefanya biashara au imelala. Inataja wamiliki manufaa, yaani binadamu wenyewe walio nyuma ya hisa. Mamlaka ya mapato, TRA, inataka hesabu zilizopitiwa na mhasibu mwenye cheti, na faida inakatwa kodi ya asilimia 30. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka anaweza kulipa kwa makadirio kulingana na mauzo, na chini ya milioni 4 hadaiwi kodi hiyo ya mapato. Nimekutana na kijana wa kuuza juisi aliyefungua kampuni kwa sababu ilisikika vizuri. Miaka mitatu hakupeleka taarifa hata moja, faini zikalimbikizana kuzidi thamani ya blenda zake zote.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi mara nyingi, labda kwa sababu hakuna anayependa kuliwaza siku anayoanza: kifo. Mwenye jina la biashara akifariki, biashara inaingia kwenye mirathi pamoja na godoro na shamba. Akaunti inasimama mpaka msimamizi wa mirathi apatikane. Wafanyakazi wanasubiri, wateja wanaondoka. Kampuni haifi na mwanahisa. Hisa ndizo zinazorithiwa, na duka linaweza kufunguliwa kesho yake. Kama biashara ndiyo inayosomesha watoto, hili lina uzito kuliko kodi.

Kuhusu jina lenyewe, cheti cha jina la biashara hakikupi umiliki wa chapa. Kinazuia mtu mwingine kusajili jina hilo hilo kwenye daftari lile, basi. Nembo na jina unaloliweka kwenye mfuko wa unga vinalindwa kwa alama ya biashara, chini ya sheria ya mwaka 1986, ambayo huanza na miaka 7 na kuhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar wana wakala wao, BPRA. Usajili wa Bara hauvuki maji. Wala cheti hicho si kibali cha kuuza. Bado unahitaji TIN, yaani namba ya mlipakodi, ambayo ni bure, na leseni ya biashara, ambayo kwa biashara nyingi ndogo hutolewa na halmashauri.

Mtu akiniuliza aanze na ipi, ninamuuliza maswali mawili tu. Jambo baya zaidi likitokea, hasara yake inaweza kuzidi vyote ulivyo navyo? Na je, kuna mtu mwingine anayeweka pesa? Kama majibu yote ni hapana, jina la biashara linatosha, na linatosha kwa miaka. Saluni, genge, cherehani mbili, duka la vifaa vya shule: usibebe kampuni. Kama unasafirisha abiria, unajenga, unahifadhi mali za watu, au shemeji yako anatia milioni ishirini, kampuni ina sababu. Kenya mtu mmoja peke yake anaweza kuwa na kampuni tangu sheria yao ya 2015, na bado wengi huanza na jina la biashara kwa sababu hizi hizi.

Ukikua, jua kwamba jina halikui likawa kampuni kama kifaranga kinavyokuwa kuku. Unaunda kampuni upya, unahamishia mali kwa maandishi, unachukua TIN nyingine na leseni nyingine, kisha unalifuta lile jina la zamani. Madeni ya zamani yanabaki na wewe mpaka uyalipe.

Mama mdogo hakwenda kampuni, nami sikumshauri. Alikaa na mwenye duka, wakaandikiana kulipa kwa awamu nane, kesi ikaondolewa. Kilichobadilika ni karatasi anayowapa wateja. Zamani aliandika mkataba na "Kamati ya Harusi" na kugonga muhuri. Alipotaka kuwadai wale wa mwanzo aligundua kwamba kamati ya harusi nayo si mtu kisheria: ilivunjwa siku ya kuvunja kamati, wakala nyama choma, wakaagana, na akawa hana wa kumshika. Sasa mkataba unasainiwa na mwenyekiti na mweka hazina kwa majina yao matatu matatu, namba za NIDA, na nusu ya pesa inalipwa kabla mchele haujanunuliwa. Na upande wake, juu ya jina la biashara, ameanza kuandika majina yake mwenyewe.