Protini kwenye maji ya ubongo haitoki kwenye sahani

Karatasi ya maabara ikisema protini kwenye maji ya uti wa mgongo (ndiyo hayo hayo maji ya ubongo) iko juu, najua kitakachofuata. Shangazi anaondoa maharagwe, mama anakataza nyama na mchuzi wa karanga, na mgonjwa aliyekwisha kukonda anabaki na posho tupu na chai. Jamani, mpeni chakula!

Maharagwe humeng'enywa tumboni, hayapandi kichwani. Albumini, protini mnayoiona kwenye majibu, hutengenezwa na ini na kuletwa na damu. Lita moja ya plazma, yaani majimaji ya damu, ina protini gramu 60 hadi 80, ilhali lita ya maji ya ubongo ya mtu mzima mwenye afya kwa kawaida haifikishi hata nusu gramu. Kuta za mishipa midogo ya ubongo huizuia protini ya damu isiingie ovyo. Ile kidogo inayopenya huondoka na maji yenyewe: mwili hutengeneza takriban nusu lita kwa siku, ingawa yaliyopo kwa wakati mmoja ni mililita 150 hivi, na ya zamani hurudi kwenye damu kupitia tando za ubongo na njia za limfu.

Homa ya uti wa mgongo, iwe ya bakteria, TB au kuvu, huvuruga pande zote mbili, kuingia na kutoka. Seli za kinga humwaga saitokini (kemikali za kuamsha kinga) kama TNF na interleukini-1, ambazo hulegeza maungio ya kuta zile, na protini ya damu inavuja kuingia. Huku nyuma, usaha na nyuzi za fibrini, protini inayogandisha damu, huziba njia za kutokea. Kwenye TB ya ubongo, maji yakiachwa kwenye chupa huweza kufanya utando mwembamba kama wa buibui. Hiyo ndiyo protini yenyewe, na dawa yake ni kutibu TB.

Eti kutoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano ili yapimwe kunaua? Hapa Uganda watu hukataa mpaka mgonjwa amezimia, kisha sindano inalaumiwa. Sindano huingia kiunoni, chini ya pale ugwe wa mgongo unapoishia. Kwa mwenye homa ya uti wa mgongo ya kuvu iitwayo kriptokoka ambaye presha ya maji imepanda, kuyatoa ni tiba.

Na deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, si ya kila mtu. Kwenye TB ya ubongo hupunguza vifo. Kwenye kriptokoka, utafiti wa CryptoDex, ulioshirikisha wagonjwa wa Uganda, ulisimamishwa mapema kwa kuwa ilidhuru. Msiinunue duka la dawa kabla majibu hayajatoka.