Je, wajua kwa nini kisanamu cha mchezo wa vita hupakwa kivuli ilhali kina kivuli chake?

Anayekitazama kwa karibu kisanamu cha shujaa, zimwi au mchawi kilichopakwa rangi kwa ajili ya michezo ya vita ya mezani hugundua kwamba joho lake jekundu si jekundu kwa usawa. Ndani ya mikunjo limepakwa rangi ya damu ya mzee, juu ya mikunjo wekundu umekaribia rangi ya chungwa, na kwenye pindo umepita mstari mwembamba mweupe-mweupe, kana kwamba jua limeligusa hapo. Mchoraji wa karatasini analazimika kufanya hivyo, kwa sababu karatasi ni bapa. Kisanamu, kwa upande wake, kina kina na mikunjo ya kweli, na taa ikiwashwa juu yake vivuli hujitokeza vyenyewe. Kwa nini basi mtu atumie saa nyingi kupaka kitu ambacho taa ingempa bure?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba kisanamu ni kidogo mno kiasi kwamba hakiwezi kutoa kivuli cha kutosha. Jibu hilo halijitoshelezi. Umbo likipunguzwa mara 60 bila kubadilishwa kwa namna nyingine yoyote, na likamulikwa na mwanga uleule kutoka upande uleule, vivuli vyake hupungua kwa kiasi kilekile na uwiano wake hubaki vilevile. Sababu ya kweli inapatikana kwa kuangalia mambo matatu: jicho la mtazamaji, kalibu ya kiwandani, na mwanga wa chumbani.

Tuanze na jicho. Visanamu vingi vya michezo hii vina urefu wa milimita 28 hivi, jambo linalomaanisha kwamba mtu wa urefu wa mita 1.7 amepunguzwa takriban mara 60. Mchezaji aliyesimama kando ya meza huvitazama kutoka umbali wa sentimita 90 hivi, na ukizidisha umbali huo kwa 60 utapata mita 54. Kwa maneno mengine, kumtazama askari huyo mezani ni sawa na kumtazama mtu halisi aliye ng'ambo ya uwanja, ambaye humwoni macho wala vifungo vya nguo. Jicho zuri la binadamu hutofautisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya sehemu moja ya 60 ya digrii, ambayo kwa umbali huo wa sentimita 90 ni kama robo ya milimita. Jicho la mtu halisi lililo wazi lina kimo cha sentimita moja hivi. Likipunguzwa mara 60 linabaki na kimo kisichofika hata robo hiyo ya milimita.

Hata hivyo, mchezaji anataka kumwona shujaa wake kana kwamba wamesimama uso kwa uso. Ndiyo maana wachongaji wa visanamu vya ulimwengu wa kubuni hukuza vichwa, viganja na silaha kupita uwiano wa kawaida, na wachoraji nao hukuza tofauti kati ya penye mwanga na penye giza. Ni kazi ileile afanyayo mwigizaji wa jukwaani anapojipaka wanja mzito ambao ukiutazama kwa karibu unachusha, lakini kwa mtu aliyekaa safu ya nyuma ndio unaompa uso.

Jambo la pili ni kalibu. Visanamu vya plastiki hutengenezwa kwa kusukuma plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu ya chuma yenye pande mbili, nazo pande hizo zinapoachana lazima kitu kitoke bila kukwama. Mkunjo wa nguo unaoingia ndani kisha ukajikunja chini yake hauwezi kutoka, kwa hiyo mbunifu huujaza, na bonde lililostahili kuwa na kina kirefu linageuka kuwa mfereji wa kina kifupi. Juu ya hapo huja rangi ya kwanza ya kushikia, yaani praima, kisha matabaka ya rangi ya akriliki, na kila tabaka hula sehemu ya kina kilichobaki. Kivuli kinachopakwa, kwa hiyo, kwa sehemu ni deni tu la kiwanda ambalo mchoraji analilipa.

La tatu ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote. Kisanamu kinakusudiwa kuwa nje, kwenye uwanda au magofu ya ngome, chini ya jua moja na anga moja, lakini kwa hakika kiko chumbani, ambako mwanga hutoka kwenye taa, dirishani na kwenye kuta zinazourudisha, ukaingia katika kila bonde kutoka kila upande na kufifisha vivuli vyote. Mchoraji anapopaka vivuli anakiwekea kisanamu mwanga wa mahali pengine. Upanga unalionyesha hili waziwazi. Upanga halisi huakisi anga upande wa juu na ardhi upande wa chini; upanga wa kisanamu uliopakwa rangi yenye chembe za metali huakisi dari ya chumba. Ndiyo sababu baadhi ya mafundi huziacha rangi za metali kabisa, wakachora mng'ao wa chuma kwa kijivu na nyeupe za kawaida.

Hapo huzuka tatizo: mwanga uliopakwa hausogei, ilhali kisanamu kinageuzwa kila mara. Suluhisho ni jua la utosini. Kisanamu cha mchezo huzungushwa kushoto na kulia, ila aghalabu husimama wima, hivyo mwanga unaotoka juu hubaki kuwa kweli kwa kila mchezaji aliyeizunguka meza. Wengi huanza kwa kupuliza praima nyeusi pande zote, kisha nyeupe kutoka juu pekee, na mpaka wa weusi na weupe ukawa ramani ya kufuata. Baadaye rangi nyembamba iliyozimuliwa hutiririkia mabondeni na kukaukia humo. Brashi iliyofutwa karibu ikauke hupitishwa juu juu na kuacha rangi kwenye vilele tu.

Kuna desturi nyingine inayofafanuliwa vibaya, ile ya kutotumia nyeusi tupu kwa nguo nyeusi. Husemwa kwamba hewa iliyo kati ya mtazamaji na kitu cha mbali hupunguza ukali wa rangi. Hilo ni kweli kwa mlima ulio kilomita nyingi, lakini hewa safi ya mita 54 haifanyi lolote la kuonekana. Sababu ni nyepesi zaidi: ukianza na nyeusi tupu, hubakiwi na rangi ya kupakia kivuli.

Nyumba ndogo zinazowekwa mezani pamoja na visanamu hufuata kanuni hizohizo, pengine kwa ukali zaidi. Tofali la kimo cha milimita 65 likipunguzwa mara 60 hubaki na milimita 1.1, na saruji ya milimita 10 kati ya tofali na tofali huwa chini ya milimita 0.2, yaani haionekani. Mjenzi hupunguza idadi ya matofali, akayakuza, na kuchimba mfereji wa karibu milimita nzima kati yake. Mlango wa mita 2 ulipaswa kuwa na milimita 33, lakini askari husimama juu ya kitako kinachomwinua milimita kadhaa, hivyo mlango ulio sahihi kwa hesabu humwonyesha kama jitu lililokwama kizingitini. Milimita 40 huonekana sawa.

Kuta nyingi hukatwa kutoka kwenye povu gumu la polistirini, ambalo huchorwa mistari ya mawe kwa kalamu ya wino, kisha likabingirishiwa donge la karatasi ya aluminiamu ili uso wake uchakae kama jiwe. Povu hilo haliwezi kupuliziwa rangi ya kopo moja kwa moja, kwa kuwa viyeyusho vilivyomo huliyeyusha. Hufunikwa kwanza kwa mchanganyiko wa rangi nyeusi ya akriliki na gundi nyeupe ya mbao. Uso wenye mikwaruzo ya namna hiyo hupokea brashi kavu vizuri kuliko joho la kisanamu, ambalo kwa ulaini wake hubaki na vumbi-vumbi la chaki.

Si kila kisanamu kilihitaji haya. Askari wa kuchezea wa madini ya risasi, wenye uwazi ndani, ambao kampuni ya William Britain ya Uingereza ilianza kuwatengeneza mwaka 1893, walipakwa rangi bapa zinazong'aa bila kivuli chochote, na walipendeza, kwa sababu walikusudiwa kuonekana kama vichezeo. Kwa upande mwingine wa kipimo wako visanamu vya mashindano ya upakaji rangi kama Golden Demon, yaliyoanza mwaka 1987. Hivi havichezewi, na kwa kuwa vina upande wa mbele unaojulikana, mchoraji anaweza kuliacha jua la utosini na kupaka mwanga wa mwenge ulioshikwa mkononi, ukipanda kidevuni na kuacha paji la uso gizani. Kisanamu kama hicho kikiwekwa katikati ya meza ya mchezo, mchezaji wa upande wa pili huona kivuli tupu mgongoni mwa askari, bila kuuona moto unaokieleza.