Kazi zinazozunguka mgodi: Leta, yaani serikali, ianzie wapi

Kompani kubwa ya madini ikitangaza mradi mpya huku Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, swali la kwanza redioni huwa lile lile: itaajiri watu wangapi? Nafundisha uchumi wa kazi hapa Lubumbashi, na nikialikwa kwenye vipindi hivyo nalisubiri hata kabla sijavaa vile vipokea sauti vyao. Jibu langu huwakera watangazaji: wachache kuliko mnavyodhani. Mwaka 1986 Gécamines, kompani ya madini ya serikali, ilitoa tani kama 476,000 za shaba, na orodha yake ya mishahara ilikuwa na majina zaidi ya 30,000. Leo nchi inatoa zaidi ya tani milioni 2.5 kwa mwaka. Kwa uwiano ule wa zamani, migodi ingekuwa inalipa moja kwa moja watu zaidi ya 150,000. Hailipi.

Najua ulinganisho huu una kasoro. Gécamines ilikuwa mgodi, na tena ilikuwa mji. Ilirithi kwa Union Minière, kompani ya enzi ya Wabelgiji, utaratibu wa kumweka mfanyakazi karibu na familia yake: nyumba, shule, hospitali, posho ya unga. Kwa hiyo katika ile orodha ya mishahara walikuwemo pia wauguzi, walimu, waashi na madereva. Kompani za leo zimejibakizia kuchimba na kusafisha madini, na mengine karibu yote yanatoka nje kwa njia ya sutretansi, yaani kazi kukabidhiwa kompani nyingine: ulinzi, usafiri, upishi, kufua nguo, kuchomelea, kutengeneza pampu. Sehemu kubwa ya kazi zile ipo bado, ila imehamia nje ya geti, na huko nje hazina mwenyewe. Ndiyo maana nikiulizwa Leta ifanye nini ili watu wasikose kazi wakati bei na mashine zinabadilika, natazama kwanza nje ya geti.

Mashine ndizo zinazoogopwa zaidi. Fundi wa dizeli aliyejifunza kwa kusikiliza injini na kunusa moshi bado anahitajika. Lakini lori la tani mia likisimama siku hizi, fundi wa zamu anapanda kabini na kompyuta yake, anaichomeka, anasoma namba za hitilafu: kihisi cha joto kimekufa, au presha ya haidroliki imeshuka upande mmoja. Spana inakuja baadaye. Asiyeweza kusoma skrini ile atabaki kuwa mshika tochi wa mwenzake. Na chini ya ardhi, katika baadhi ya migodi mipya, mashine ya kutoboa mwamba inaongozwa na mtu aliyekaa kwenye kiti mbali na vumbi.

Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, waliowatoa watu wengi kazini katika historia yetu ni wengine kabisa. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka uliofuata ukaja uporaji. Mwaka 1994 Gécamines ilitoa tani kama 30,000 tu za shaba, wakati shaba yenyewe ilikuwa bado imejaa ardhini na mashine zilikuwa zile zile kuukuu. Hakuna roboti aliyehusika pale. Ni usimamizi, vipuri visivyonunuliwa, na fedha za kompani zilizotumika kwa mambo mengine.

Kisha, kati ya 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa *départ volontaire*, kuondoka kwa hiari. Hiari yenyewe ilikuwa ya mtu ambaye hajaona mshahara kwa miezi mingi. Kila mmoja alipokea kitita chake, akatia sahihi, akarudi nyumbani. Wengi wao walikuwa watu wazima waliokulia kazini pale. Deni la dukani, ada ya shule iliyolimbikizana, dawa za mgonjwa: fedha zile zilikuwa na wenyewe kabla hazijatoka benki. Kilichobaki kiliingia kwenye teksi, kwenye shamba, kwenye kibanda cha kuuza vitu vidogo vidogo. Malalamiko kwamba walipunjwa yaliendelea kwa miaka mingi, na sitaki kuyapuuza, lakini mimi huwa nawaonyesha wanafunzi kitu kingine. Watu elfu kumi walianzisha biashara kwa wakati mmoja, katika miji michache, na wateja waliowategemea ni majirani waliopoteza mshahara siku ile ile. Hata kama kitita kingekuwa mara mbili, nani angenunua?

Tangu hapo siamini mpango wowote wa ajira unaoanza na kugawa mitaji bila kutaja mnunuzi. Nimeona mafunzo mengi ya miezi mitatu yanayoishia kwa picha ya pamoja na cherehani moja moja.

Jambo jingine tulilolipia bei kubwa ni kushindwa kutofautisha mtikisiko wa kupita na ule wa kudumu. Mwanzoni mwa 2018 kobalti, madini ya betri tunayochimba pamoja na shaba, ilipita dola 90,000 kwa tani, na kufikia katikati ya 2019 ilikuwa imeshuka hadi karibu theluthi ya hapo. Mwishoni mwa mwaka huo Glencore ikasimamisha mgodi wake wa Mutanda, ambao baadaye ulirudi kazini. Februari 2025 Leta yenyewe ndiyo iliyofunga usafirishaji wa kobalti ili bei ipande, na kuanzia Oktoba ikaruhusu kwa kiwango maalumu. Hayo yote ni mawimbi, yana kushuka na kupanda. Lakini betri za chuma na fosfeti, ambazo magari mengi ya umeme ya China yanazitumia, hazina kobalti hata chembe. Hilo halipiti.

Ujerumani wana dawa ya mawimbi, wanaiita *Kurzarbeit*. Kompani ikikosa kazi kwa muda, inawapunguzia watu saa badala ya kuwafukuza, na serikali inafidia sehemu ya mshahara uliopotea. Mwaka 2009 zaidi ya watu milioni moja walibaki kwenye ajira zao namna hiyo, na soko liliporudi mafundi walikuwa pale pale. Wageni wanaokuja kwenye semina hupenda kutupendekezea mfano huo. Huku kwetu zaidi ya watu wanane kati ya kumi wanafanya kazi bila kontra (mkataba) iliyoandikwa, na CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, haina bima ya kukosa kazi. Utafidia mshahara gani, ulioandikwa wapi?

Tunachoweza kushikilia ni karakana, maana ndimo ufundi ulimokaa.

Kuna karakana moja Katuba, hapa Lubumbashi, ninakopeleka wanafunzi kujifunza hesabu za biashara ndogo. Mwenyewe ni mchomeleaji, baba yake alikuwa Gécamines. Anatengeneza nyavu nzito za kuchekechea mawe, ngazi na vizuizi vya mikanda ya kubebea madini, anaiuzia kompani ambayo nayo ina kontra na kompani nyingine ambayo ndiyo iliyo na kontra na mgodi. Kazi haimpungukii. Mara ya mwisho tulipofika, umeme ulikuwepo, jambo la kushukuru, lakini mashine zilikuwa zimezimwa na vijana wamekaa juu ya mabomba. Hakukuwa na vyuma. Hakukuwa na vyuma kwa sababu fakture (ankara) ya kazi aliyoikabidhi miezi minne nyuma ilikuwa haijalipwa, na muuza vyuma amechoka kukopesha. Akanitolea kabrasha: karatasi ya oda, karatasi ya kupokelewa mzigo ikiwa na muhuri na sahihi, fakture. Hakuna kilichokosekana. Kompani ya kwanza inasema inasubiri ya pili, ya pili inasubiri mgodi.

“Papa Profesa,” akaniambia, “mimi ndiye benki yao.”

Vijana wake wawili, waliokwisha kujua kuchomelea chuma kinene, walikuwa wameondoka kwenda Kolwezi kuchimba kwa mikono. Angalia kilichotokea hapo: mafundi wawili wametoka kwenye kazi yenye kesho wakaingia kwenye kobalti, na hakuna teknolojia wala bei iliyowasukuma. Ni karatasi iliyokaa kwenye meza ya mtu.

Sheria ipo. Ile ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu sutretansi inataka kazi hizo zipewe kompani ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongomani. Inataka pia mchukuaji wa kazi alipwe walau asilimia 30 ya thamani ya kontra kabla hajaanza. Mjini ugomvi wote uko kwenye kipengele cha kwanza: nani mwenye hisa kweli, nani ameazima jina lake tu. Ni ugomvi wa haki, nami nina maoni makali kuhusu wanaoazimisha majina. Ila kwa upande wa ajira, kipengele cha pili kina uzito mkubwa zaidi. Kuchunguza mwenye hisa kunataka mawakili na muda. Kuchunguza malipo ya awali kunataka mkaguzi mmoja mwenye kalamu, anayefungua kabrasha na kutazama tarehe. ARSP, mamlaka inayosimamia sutretansi, ingeweka wakaguzi wa aina hiyo Lubumbashi na Kolwezi, na kutangaza kila baada ya miezi mitatu ni kompani gani inachelewesha, tungeona karakana zikipumua. Na Leta ijihesabu humo humo. Sheria ile inahusu sekta binafsi, lakini kila mkandarasi wa mji huu anajua jinsi mteja wa serikali anavyolipa.

Umeme ni shida ya pili, na hapa mashine zinarudi kwenye hadithi. Laini ya Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ilijengwa kwa ajili ya migodi na ilianza kufanya kazi miaka ya mwanzo ya 1980. Mitaa inapata kilichobaki, kwa zamu ya delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa mgao. Mchomeleaji anayetumia jenereta anaacha faida yake yote kwenye mafuta, na mwenye mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta hawezi hata kuiwasha kwenye umeme unaopanda na kushuka, maana bodi itaungua. Kwa hiyo tunawaambia vijana wajifunze teknolojia mpya huku tukiwapa umeme usioiruhusu kufanya kazi. Ningekusanya karakana kwenye maeneo machache, komine (wilaya ya mji) kwa komine, na kuyapa laini yake yenye umeme wa uhakika saa za kazi tu, kuanzia asubuhi hadi jioni. Usiku wapewe majumbani. Si jambo la kupendeza kwenye sherehe za uzinduzi, najua.

Mafunzo nayaweka nyuma ya hayo mawili, na wenzangu wengi watanipinga. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, ipo tangu 1964 na inaendeshwa kwa mchango wa waajiri, ambao kiwango chake ni asilimia moja hadi tatu ya mishahara; mwajiri mdogo ndiye anayetozwa asilimia kubwa, mwajiri mkubwa ndogo. Hilo lingegeuzwa kesho. Kingine ni kumpima kijana aliyejifunzia karakanani: mpe chuma, mpe mchoro, mtazame akifanya, ukiridhika mpe cheti kinachotambulika getini. Wapo wengi wanaojua kazi ila hawana karatasi.

Kuhusu wachimbaji wa mikono, walioegemea kobalti peke yake, sitazunguka. Migodi mikubwa itaendelea kwa sababu ya shaba. Wao wakikosa kobalti hawana pa kushika. Kuwazuia wasichimbe leo ni kuwanyima chakula, na kuwaahidi kwamba bei itarudi daima ni kuwadanganya. Wanahitaji kazi za umma zenye kutumia watu wengi, zile zinazoitwa HIMO: mifereji, barabara za mashambani, kutengeneza mawe ya barabara. Hasa barabara za mashambani, kwa sababu mayai na mahindi tunayokula yanaingia kwa malori kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na kila Zambia inapofunga mpaka wa mahindi bei ya mfuko wa unga inatuonyesha ni kazi ngapi za kilimo tumeziacha upande wa pili.

Fedha zitoke wapi? Sheria ya migodi (*Code minier*) iliyorekebishwa Machi 2018 imekwisha kujibu. Mrabaha, yaani malipo ya kompani kwa madini inayoyauza, unagawanywa: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekta au mji ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo kompani inatoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii. Sehemu nzuri ya fungu hilo la 15 inageuka majengo. Jengo linaajiri kwa mwaka mmoja, halafu linahitaji mlinzi. Mkuu wa komine akiniuliza, namwambia anunue: madawati ya shule, vitanda vya zahanati, milango, pampu za visima, vyote kwa oda ndogo ndogo zinazorudiwa kila mwaka, kwa mafundi wa hapa hapa, na fakture ilipwe ndani ya siku 30. Oda ya kwanza ya madawati mia mbili karakana nne za Katuba na Ruashi zinaimaliza kwa wiki chache, na kwa malipo yake zinanunua vyuma vya kuanzia kazi ya mgodi bila kukopa kwa mtu.