Acheni kuniomba kodi, O yako haifungi kwa sababu ya gia

Wiki hii nimetumiwa tena ile picha. Karatasi nyeupe, katikati neno KARIBU limeandikwa na mkono wa roboti, R imeota goti, B imevimba upande mmoja kama shavu lenye jino bovu, alafu chini meseji: "Kaka naomba kodi nzuri, hii yangu inasumbua." Ya nne mwezi huu. Jamani, kodi anadaiwa mpangaji, wewe unaomba "code", yani ile programu inayouongoza mkono. Hiyo kodi uliyonayo nimeifungua, nimeisoma mstari kwa mstari, hesabu za pembe ziko sawa, kosine zimekaa mahali pake, mpaka maelezo umeandika vizuri. Kinachokuharibia mwandiko ni servo, kile kidude cha bluu cha gramu 9, mota ndogo inayotakiwa kugeuka mpaka pembe unayoiambia.

Nazungumzia ule mkono tunaoanza nao wote, servo za SG90 mbili, moja bega moja kiwiko, ya tatu ya kunyanyulia kalamu, bodi ya Arduino Uno inayoendesha kodi, na mifupa miwili ya plaiwudi au vijiti vya aiskrimu yenye sentimita 8 kila mmoja. Umeme napita haraka: servo usizilishe kutoka kwenye pini ya 5V ya bodi, zikivuta zote kwa pamoja Uno inazimika na kuwaka tena na herufi inaanza upya juu ya ile ya zamani, tafuta chaja ya pembeni ya 5V yenye ampia 2, hasi zote ziunganishe pamoja, tumemaliza. Kalamu tumia maka peni, kalamu ya risasi na ya biki zinataka kukandamizwa na huo mkono hauna nguvu ya kukandamiza kitu. Na mstari mnyooka ukate vipande vya milimita moja moja, usiruke kutoka nukta mpaka nukta, la sivyo I yako itapinda kama ndizi. Hii ya ndizi kweli ni kosa la kodi, nawapa hiyo moja.

Sasa tuje kwenye kinachonikera. Watu wanaamini ukiiambia servo nenda nyuzi 47, itaenda 47. Nani kakwambia?

Chukua hesabu ya mkebe tu. Kalamu yako iko kama sentimita 14 kutoka begani. Bega likizunguka uzi mmoja, kalamu inasogea milimita 2.4. Ukitumia ile amri ya write inayopokea namba nzima za nyuzi, maana yake hatua ndogo kabisa unayoweza kupiga na bega ni milimita 2.4, na herufi yako ina urefu wa milimita 20, yani unachora B kwa hatua kama nane, ni sawa na kuchora kwa matofali. "Basi natumia writeMicroseconds," ile amri inayopanga urefu wa pulsi, yani ule mpigo mfupi wa umeme unaoiambia servo iende pembe gani. Sawa, umeongeza akili kidogo. Kwa mipaka ya kawaida ya ile maktaba ya Servo (mkusanyiko wa amri za Arduino), pulsi ya maikrosekunde 544 mpaka 2400, uzi mmoja ni kama maikrosekunde 10, kwa hiyo kwenye karatasi umepata hatua ndogo mara kumi. Kwenye karatasi ya hesabu, sio ile anayoandikia roboti! Kwa sababu SG90 yenyewe ina eneo la uziwi la maikrosekunde 10 hivi, ukibadilisha pulsi chini ya hapo inakusikia ila haioni sababu ya kusogea. Yani umezunguka kote huko umerudi kwenye uzi mmoja ule ule. Hakuna kodi duniani inayomfanya kiziwi asikie kwa kuongea naye taratibu.

Na hapo bado sijagusa gia kucheza. Umeshawahi kupanda daladala iliyochoka ukakaa karibu na dereva? Anazungusha usukani robo nzima ndo matairi yanaanza kufikiria. SG90 iko hivyo hivyo, ndani kuna gia za plastiki zimepangana na kati ya jino na jino kuna nafasi. Washa umeme, iambie servo itulie, alafu shika ncha ya mkono kwa kidole na utikise taratibu. Inasogea, eeh? Sasa hiyo nafasi inaliwa kila mara kiungo kinapogeuza mwelekeo. Kwenye mstari wa mshazari hugundui, lakini O ndo inakuumbua, maana kuzunguka duara moja bega linageuza mara mbili na kiwiko mara mbili, na kila linapogeuza kalamu inasimama kidogo huku mota inazunguka bure. Ndo maana O yako ina sehemu bapa na mwisho haukutani na mwanzo.

Huniamini? Andika O moja kwa kuzungusha kulia, juu yake hapo hapo andika nyingine kwa kuzungusha kushoto. Nukta ni zile zile, hesabu ni zile zile, umegeuza mpangilio tu. Kama kodi ingekuwa na makosa ya hesabu, zote mbili zingekosea sehemu moja na zingelaliana. Zikiachana, hiyo ni gia, na tusisumbuane.

"Nanunua za gia za chuma." Nunua. MG90S hazikatiki meno kirahisi, hiyo faida ipo. Ila chuma nacho kina nafasi kati ya meno, nimeshika mpya kabisa zinacheza kuliko ya plastiki ya mwaka jana. Kuna yule mwanasesere anayeitwa Mwandishi, kazi ya Pierre Jaquet-Droz wa Uswisi, 1774, yuko makumbusho ya Neuchâtel, anachovya unyoya kwenye wino na kuandika maneno ya mpaka herufi 40. Hana chipu wala waya, ni kamu, yani visahani vyenye ukingo wa mabonde na vilima vinavyosukuma mkono, zilizochongwa kwa mkono na watu waliokuwa mafundi wa saa. Yeye hakusaidiwa na kodi ya mtu, mwandiko wake unatoka kwenye ufundi wa mashine yenyewe.

Mimi nafanya hivi. Naandika herufi kubwa, sentimita 4, kwa sababu kosa linabaki lile lile la milimita kadhaa na herufi kubwa inalimeza. Karatasi naisogeza karibu na bega. Kila kiharusi nakianza kutoka upande mmoja: kalamu ikiwa juu naipitisha nyuma ya nukta kidogo alafu narudi, ili nafasi ya gia iwe imeshaliwa kabla wino haujagusa. Na fonti natumia za mstari mmoja, zile za Hershey za 1967 zilizotoka maabara ya jeshi la majini la Marekani, fonti za kawaida za kompyuta zinachora ukingo na utapata herufi zenye tumbo tupu.

Kuna na rababendi, ile ya kufungia noti. Unaufunga mkono uvutwe upande mmoja muda wote, gia zinaegemea jino moja, kucheza kunapungua. Inafanya kazi? Kuna siku O inafunga mpaka nacheka peke yangu, kuna siku servo inaunguruma, inapata moto na mwandiko unakuwa mbaya kuliko mwanzo, na rababendi ni ile ile. Nadhani naifunga kidogo kwa imani.

Halafu pima servo zako kwa protrakta, moja yangu ukiiambia 180 inaishia kama 165 na pacha wake wa boksi moja anapita.

Kwa hiyo meseji ijayo sitaki faili la kodi. Nitumie picha ya O mbili, ya kulia na ya kushoto, rula pembeni.