Jino Limeng'oka, Shavu Limevimba: Ufanye Nini Kabla ya Kumfikia Daktari wa Meno?

Mtoto wangu wa miaka 10 ameanguka, jino la mbele limetoka zima. Nifanyeje?

Litafute haraka. Jino la kudumu linaweza kurudishwa mahali pake likashika tena, ila kila dakika inayopita likiwa kavu inapunguza nafasi hiyo. Mzizi wake umefunikwa na utando mwembamba wenye seli hai, na seli hizo ndizo zinazolishikiza jino kwenye mfupa. Zikikauka zinakufa, na ndani ya saa moja nyingi huwa zimeshakwenda.

Liokote kwa kushika sehemu ile nyeupe inayoonekana mdomoni siku zote, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze kwa maziwa au maji safi ya baridi kwa sekunde 10 tu. Usilisugue, usilipake sabuni wala dawa ya vidonda. Kisha lirudishe taratibu kwenye tundu lake, likitazama upande uleule linaotazama jino la jirani, mtoto aume kitambaa safi ili lisitoke, na mwende kwa daktari papo hapo. Najua wazazi wengi wanaogopa hatua hii. Lakini mkono wako unaotetemeka, ukilirudisha sasa hivi, unamsaidia mtoto kuliko mkono wa mtaalamu utakaolipokea baada ya saa mbili.

Ikishindikana, litie kwenye kikombe cha maziwa baridi. Maziwa yakikosekana, ateme mate kwenye chombo kidogo, ulitumbukize humo. Maji matupu si mahali pa kulihifadhi, kwa kuwa seli hujaa maji zikapasuka. Kulifunga kwenye karatasi laini, jambo ambalo karibu kila mtu hulikimbilia, ndiko kunakolikausha.

Mtoto aliyezimia, anayetapika au anayeongea ovyo baada ya kuanguka aende hospitali kwanza. Kichwa kinatangulia jino.

Na likiwa jino la utotoni?

Hilo usilirudishe, kwani unaweza kuliumiza jino la kudumu linalokua chini yake. Zuia damu, kisha mpeleke akachunguzwe.

Jino linaniuma usiku kucha, asubuhi bado mbali.

Meza parasetamoli au ibuprofeni kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito asiguse ibuprofeni bila ushauri. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na ulale kichwa kikiwa juu. Usibandike aspirini kwenye ufizi: inaunguza nyama, na kesho utakuwa na kidonda juu ya jino bovu. Antibayotiki zilizobaki kabatini ziache. Kiini cha jino kilichovimba hakitulizwi nazo.

Nakuomba pia usidanganywe na nafuu ya ghafla. Jino lililokutesa siku kadhaa likanyamaza bila matibabu, huenda kiini chake kimekufa na maambukizi yanaendelea kimyakimya kuelekea mfupani.

Shavu limevimba. Nisubiri zamu yangu ya kliniki?

Uvimbe mdogo, bila homa, unahitaji daktari wa meno leo au kesho. Weka kitu cha baridi kwa nje, dakika 10 hadi 20 kila mara. Usikande kwa moto, wala usitumbue jipu kwa sindano.

Lakini uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukipanda hadi jicho likaanza kuziba, mdomo ukawa haufunguki vizuri, mate yakachuruzika kwa kushindwa kumeza, au pumzi ikawa nzito, usiwaze tena kliniki ya meno. Nenda hospitali ya dharura sasa, hata kama ni saa nane usiku na hata kama jino lenyewe haliumi. Usaha wa jino ukifika huko unaweza kuziba njia ya hewa, na watu hufa kwa hilo.

Niling'olewa jino asubuhi, damu bado inatoka.

Mate yenye wekundu ni kawaida siku ya kwanza. Damu ikitiririka, kunja shashi safi, iweke juu ya tundu na uing'ate kwa nguvu dakika 20 hadi 30 bila kuchungulia. Kila ukichungulia unabandua donge la damu. Usisukutue, usiteme kwa nguvu, usivute sigara. Isipokoma, au ukiwa unatumia dawa za kuyeyusha damu, rudi ulikong'olewa.

Jino limevunjika kipande tu?

Kihifadhi kwenye maziwa au maji na uende nacho, mara nyingi hugandishwa tena. Pale kliniki, si kwa gundi ya nyumbani.