Leza ya ndevu kwa dada trans: ulizia mashine kabla ya kuulizia bei

Dada trans wengi, yaani wanawake waliohesabiwa wavulana walipozaliwa, wanaokuja kliniki kwetu kuulizia leza ya ndevu, neno la kwanza ni bei, na nawaelewa kabisa. Hela ni ngumu na ndevu zinachosha, mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri ananyoa, anapaka faundesheni, ikifika saa nane mchana weusi ushatokea kidevuni na yuko kwenye matatu anajifunika na mtandio. Lakini kama daktari wa ngozi nakuomba swali la kwanza liwe hili: mashine yenu ni ya aina gani, na mmeshaitumia kwa ngozi nyeusi kama yangu?

Leza inafanya kazi kwa kufuata weusi. Mwanga unaingia, unanaswa na melanini, ile rangi nyeusi iliyo kwenye unywele, unageuka joto, na lile joto ndilo linaunguza shina. Wazo hili lilichapishwa 1983 na Anderson na Parrish wa Marekani. Sasa shida yetu ni kwamba melanini hiyohiyo imejaa kwenye ngozi, kwa hiyo mashine isiyofaa inapiga ngozi kabla haijafika kwenye unywele, unatoka na malengelenge, yakipona yanaacha madoa meusi au meupe ya kukaa miezi na miezi. Nimewapokea wadada wameungua hivyo, na kinachoniuma ni kwamba wengi waliahidiwa eti mashine ni ya ngozi zote.

Mashine zinatofautiana kwa urefu wa mawimbi ya mwanga. Alexandrite ni nanomita 755, dayodi ni kama 810, Nd:YAG ni 1064. Mawimbi yakiwa marefu mwanga unazama chini zaidi na melanini ya juu inaunyonya kidogo, ndio maana ngozi nyeusi sana tunaipiga na Nd:YAG. Inauma, hasa juu ya mdomo, sitakudanganya, na kwa nywele nyembamba si kali kama zile nyingine ila ndevu ni nene kwa hiyo inazimudu. IPL wanayoiita leza mitaani sio leza, ni taa ya mwanga mchanganyiko, na kwa ngozi nyeusi mimi siishauri. Vile vifaa vya kutumia nyumbani soma kijikaratasi chake, vingi vimeandikwa kabisa visitumike kwa ngozi nyeusi. Na popote utakapoenda wakupime kwanza kipande kidogo, mfano chini ya taya, usubiri wiki kadhaa maana madoa yetu yanachelewa kutokea. Akikuambia tumalize uso wote leo leo, ondoka.

Wengine wananiambia daktari mimi nasubiri homoni zifanye kazi. Estrojeni, yaani homoni ya kike, na dawa za kuzuia testosteroni, homoni ya kiume, kama spironolactone zinapunguza nywele za mwilini, lakini ndevu zilizokwisha kukomaa tangu kubalehe haziondoki, labda zitaota polepole kidogo. Na ukisubiri sana mvi zinaanza, na unywele mweupe hauna melanini kwa hiyo leza haiuoni hata ufanye mara ishirini. Hapo inabaki elektrolisisi, sindano nyembamba sana inaingizwa kwenye kila shina moja moja na kupitishwa umeme. Ni ya zamani kuliko unavyofikiri, 1875 daktari wa macho wa St. Louis, Charles Michel, aliieleza kwa ajili ya kope zinazoota kuelekea ndani. Inachukua masaa mengi sana, ila ndiyo inayoondoa moja kwa moja, leza inapunguza kwa muda mrefu na nyingine zinaweza kurudi nyembamba. Kuna jambo jingine watu hawalifikirii, elektrolisisi inataka uache ndevu ziote siku mbili tatu ili fundi azishike, na kwa dada anayeenda kazini hizo siku ni mateso, wakati leza unaendelea kunyoa kama kawaida. Ndio maana wengi nawaanzisha na leza, mabaki yanamaliziwa na sindano.

Usipangie mara moja wala mbili. Leza inaua unywele ulio kwenye hatua ya kukua tu, mwingine umelala, kwa hiyo unarudi kila wiki nne hadi nane, mara sita, nane, wengine zaidi ya kumi. Omba bei ya safari zote. Baada ya wiki moja au mbili utaona kama zinaota, hizo zinasukumwa nje, zitadondoka zenyewe.

Kabla ya kuja nyoa na wembe siku moja kabla, ila using'oe wala kutumia waksi au uzi kwa mwezi mzima, shina likitoka leza haina cha kupiga. Na tuongee wazi kuhusu mkorogo. Krimu za kujichubua nyingi zina steroidi au haidrokwinoni, zingine zebaki, ngozi inakuwa nyembamba inaungua haraka na rangi inayumba. Tuambie ukweli, hatukuhukumu, tutakusogezea tarehe tu. Tuambie pia kama una keloidi, yale makovu yanayovimba, au unatokwa na vidonda vya mdomo vya herpesi maana joto linaviamsha. Krimu ya ganzi usijipake mwenyewe nyumbani ukafunika na nailoni, 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wanawake wawili kufariki kwa kujipaka miguu yote kabla ya leza.

Na usikubali kuambiwa hii ni anasa. Mwongozo wa 2022 wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu trans, unahesabu kuondoa nywele za usoni kuwa sehemu ya matibabu. Ukifika mapokezi taja jina unalotumia, ni haki yako kuitwa hilo.

Ukitoka, uso kuwa mwekundu au kuvimbavimba kwenye vinyweleo ni kawaida kwa siku moja mbili. Weka kitambaa cha maji baridi, paka sanskrini, krimu ya kukinga jua, kila asubuhi, jua la huku Pwani halisamehi. Ukiona lengelenge usilitumbue, paka vaselini na urudi kliniki siku hiyohiyo.