Mafua na homa Tabora: tunayoambizana na ukweli wake

Ikiingia Juni, Tabora inabadilika: usiku baridi, mchana jua na vumbi, na kila nyumba haikosi anayekohoa. Ushauri nao hautafutwi. Unakuja wenyewe, kwa jirani, kwa shemeji, kwa muuza duka. Mwingi ni wa nia njema, ila baadhi yake unawachelewesha watu kufika hospitali, na kwa mtoto mdogo kuchelewa usiku mmoja kunatosha kumpoteza.

Dhana: "Mafua yanaletwa na baridi na vumbi."

Mafua yanaletwa na virusi. Vumbi linawasha pua na koo na linamtesa mwenye pumu, lakini halimwambukizi mtu homa ya mafua. Baridi inachangia kwa sababu inatufungia ndani: madirisha yanafungwa, watoto wanalala wanne chumba kimoja, abiria wa basi wanafunga vioo safari nzima wakikimbia vumbi. Mwenye homa ya mafua huanza kuambukiza siku moja hivi kabla hajajisikia vibaya, kisha huendelea kwa siku 5 hadi 7. Mvalishe mtoto sweta, ndiyo, lakini mchana fungua dirisha, kohoa kwenye kiwiko na nawa mikono kwa sabuni.

Dhana: "Mwili ukichemka ni malaria, meza dawa mseto."

Mkoa wetu ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo kuishuku si kosa. Kosa ni kumeza bila kupima. Kipimo cha haraka kinataka tone la damu ya kidole, na majibu hutoka kwa dakika 15 hadi 20. Kisipoonyesha malaria, homa hiyo ina chanzo kingine na dawa mseto haitakigusa. Na kinyume chake: usiseme "ni mafua tu" kwa sababu mgonjwa anapiga chafya. Malaria na mafua vinaweza kumkuta mtu mmoja wiki moja.

Dhana: "Mafua yakizidi, tafuta antibiotiki."

Antibiotiki zinaua bakteria, haziui virusi. Kapsuli nne za amoksilini zilizobaki kwenye droo hazifupishi mafua hata kwa siku moja. Zinachofanya ni kuwazoesha bakteria dawa, ili siku utakapougua kweli zisifanye kazi. Mpumzishe mgonjwa, mpe vya kunywa kwa wingi, na parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Angalia pia pakiti za dawa za mafua: nyingi zina parasetamoli ndani, na ukichanganya na vidonge vingine unazidisha dozi na kuumiza ini.

Dhana: "Asali ya hapa haina madhara kwa yeyote."

Asali yetu ya miombo ni nzuri, na kijiko kimoja kabla ya kulala kinatuliza kikohozi kwa mkubwa na kwa mtoto aliyetimiza mwaka. Chini ya mwaka mmoja, hapana, hata ya kulambishwa kidoleni. Asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo kwenye utumbo wa kichanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, mpaka ile ya kupumulia.

Dhana: "Mtoto anahema hivyo kwa sababu pua imeziba, mfukize."

Hapa ndipo ninapoomba tusikilizane sana. Kuhema haraka huweza kuwa nimonia, na nyumbani unaweza kuitambua. Subiri mtoto atulie au alale. Pandisha shati lake, weka simu ihesabu dakika nzima, tazama tumbo na kifua vikipanda, na hesabu. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 hadi 11, ni 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Kifua kikibonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa, au akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akiwa mgumu kuamka, usihesabu tena, ondokeni. Sufuria la maji yanayochemka haliponyi nimonia, na limeshaunguza watoto wengi. Jiko la mkaa nalo lisilale chumbani mlango ukiwa umefungwa: gesi yake haina harufu na inaua watu usingizini.

Dhana: "Dharura ikija tutajua cha kufanya."

Saa nane usiku, simu haina chaji na bodaboda wote wamelala, hakuna anayejua. Panga leo, hasa kama unaishi mbali na kituo cha afya, huko Sikonge au Kaliua vijijini. Ongea na dereva mmoja anayekubali kuitwa usiku na uandike namba yake ukutani. Nauli ya kwenda ikae pembeni, isiguswe. Kadi ya kliniki na ya bima ziwe mahali pamoja ambapo hata bibi anapajua. Ukitaka ushauri wa afya, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.

Ukishaishika kadi ya kliniki, isome. Chanjo dhidi ya vimelea vikuu vya nimonia hutolewa bure mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ukiona nafasi tupu, mpeleke kliniki wiki hii. Muuguzi atakupangia namna ya kukamilisha.